Nilivyomtumbukiza Mama Sada Chooni kwa Mdomo Wangu

Jamani, aibu hii ningeweza ningeizika, lakini haizikiki, kwa sababu mpaka leo nikipanda Newala kununua vitu vyangu hakosi mtu wa kuniita kutoka upande wa pili wa barabara, "Mwalimu Festo, yule mama ametoka chooni?", watu wakacheka, na mimi nikacheka nao maana nifanyeje. Kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe, tena nzima nzima, kuliko kuwaachia wanaoongeza chumvi (wapo wanaosema nilimsukuma, jambo ambalo si kweli hata kidogo, mimi nilimtumbukiza kwa mdomo tu).

Wakati huo nilikuwa mwanachuo wa ualimu, mwaka wa mwisho, mtoto wa Chiwata ninayejiona msomi, nimepangiwa mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya msingi huko Makote. Na mazoezi hayo, kwa asiyejua, si ya kunyoosha viungo. Kabla hatujaondoka chuoni tuligawiwa kijitabu cha kanuni, tukakisoma pamoja ukumbini, tukatia saini kwamba tumeelewa: mwanachuo asiondoke kituoni bila ruhusa ya maandishi, asiingie darasani bila andalio la somo, asimguse mtoto kwa fimbo, na ile iliyonimaliza mimi, kwamba mwanachuo asiachwe peke yake na darasa, mwalimu mlezi akae naye kipindi kizima, na mwisho wa kipindi, si kabla, ndipo mlezi atie saini kwenye daftari la kumbukumbu. Mkufunzi wa chuo anakuja kukukagua mara tatu na hatoi taarifa kwamba anakuja. Mara ya kwanza nilifeli, kengele ililia bado niko kwenye utangulizi (mwandiko wangu ubaoni ni mzuri lakini unakwenda polepole), mara ya pili nikapita kwa alama za huruma, na ya tatu ndiyo ilibaki kuamua kama napata cheti au narudia mazoezi pamoja na wadogo zangu wa mwaka wa chini. Na mama yangu kule Chiwata alikuwa ameshaanza kuitikia kanisani akiitwa Mama Mwalimu.

Mwalimu mlezi wangu alikuwa Mama Sada. Mwanamke mpana wa mwili na wa moyo, Mmakonde wa hapo hapo, na kwa kuwa mimi Mmakua tukawa watani tangu siku ya kwanza, nilipomwamkia shikamoo akaitika marahaba, halafu akauliza kama kweli Wamakua siku hizi wanajua kuhesabu au wameleta mtu wa kujifunza pamoja na watoto. Lakini kazini hakuwa na mchezo. Wiki sita zote alikaa kwenye kiti chake nyuma ya darasa la nne, mkoba umening'inia mgongoni mwa kiti, ananitazama, na nikikosea anakohoa. Kile kikohozi kilinifundisha kuliko chuo.

Sasa, siku yenyewe ilikuwa Jumatano ya msimu wa korosho, mabibo yamekomaa yanadondoka, na huku kwetu msimu huo kila mtu ana macho mawili, moja kazini na moja chini ya mikorosho yake, kwa sababu korosho hazingoji Jumamosi. Mapumziko yalipokaribia kwisha Mama Sada akapigiwa simu na shemeji yake kwamba mbuzi wa watu wameingia shambani kwake. Mbuzi akiingia anakula mabibo na kutawanya korosho, na anayepita nyuma ya mbuzi anaokota, na ukifika jioni unakuta majani matupu. Shamba lilikuwa mwendo mfupi tu kutoka shuleni. Akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kuanza mwenyewe, yeye akimbie awafukuze, aokote za juu juu, arudi kabla vipindi viwili vya Hisabati havijaisha.

Hapo ningesema Mama Sada, kanuni hairuhusu, twende kwa mwalimu mkuu. Yeye mwenyewe angekubali, namjua. Lakini mimi kwanza nilimhurumia, na pili, na hili ndilo la kujipiga kofi, nilijiona mjanja. Nikamwambia aende bila wasiwasi, tena nikamfungulia daftari la kumbukumbu nikampa na kalamu.

"Tia saini kabisa," nikamwambia, "ili usirudi unahema."

Akanitazama. Akasema, "Festo, hii inatiwa mwisho," nikamjibu kwamba mwisho ni mwisho tu, uje mapema uje baadaye. Akatia. Akaacha mkoba wake kwenye kiti, simu ikiwa ndani, akisema mtu akichungulia dirishani aone mkoba ajue yupo. Akatoka kwa nyuma, akapita kwenye migomba ya mwalimu mkuu, akapotea.

Nikaanza somo, sehemu, nusu na robo, na zana yangu ilikuwa mihogo minne mizuri niliyoiosha tangu alfajiri. Nakata muhogo katikati, nauliza hii ni nini, darasa linaitika nusu, nakata tena, robo, yaani linakwenda vizuri mpaka najisikia nimeumbwa kwa ajili ya kazi hii. Kuna binti mmoja anaitwa Somoe, mdogo wa umbo, anakaa dawati la mbele, huyo hakubali kitu mpaka akishike mwenyewe. Alikuja mbele akaunganisha robo mbili akazitazama, akatikisa kichwa, akarudi kukaa na kipande kimoja mkononi. Nikasema moyoni, laiti leo angekuwepo mkufunzi.

Basi nikasikia bodaboda.

Mkufunzi Nambunga aliingia kwa hodi, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, mtu mzima, mpole, amevaa tai. Watoto wakasimama wakamwamkia kwa pamoja. Akaenda moja kwa moja nyuma, akakaa kwenye kiti cha Mama Sada, mgongo wake ukaegemea ule mkoba, akachukua faili langu na daftari la kumbukumbu akaanza kufunua. Mimi nikaendelea na robo tatu lakini jicho liko kwake, na nikaona kidole chake kimesimama kwenye ukurasa. Akatazama saa yake. Akatazama ukurasa tena. Saini ya mwisho wa kipindi, na kipindi bado kina nusu saa nzima.

"Mwalimu, mlezi wako yuko wapi?"

Naapa sikukusudia. Kichwa kilikuwa kinatafuta neno moja la adabu, la muda mfupi, ambalo mwanamume hawezi kulifuatilia, na mdomo ukalipata wenyewe. Nikasema ametoka kidogo, yuko chooni. Nikalisema mbele ya watoto arobaini na kitu, na wote wakageuka kutazama upande wa vyoo, kwa sababu mwalimu kasema.

Somo likaisha, na lilikuwa zuri, hilo mnikubalie. Mkufunzi akafunga kalamu, akasema vizuri, sasa tumsubiri mlezi, maana kwenye fomu yake kuna sehemu ya maoni ya mlezi na bila hiyo alama haziendi chuoni. Tukasubiri. Dakika tano. Kumi. Akaniuliza kama hajambo kweli yule mama. Na mimi, badala ya kujitoa kwenye shimo, nikachimba, nikasema tangu asubuhi alikuwa analalamika tumbo.

Ndugu zangu, uongo wa kwanza ulikuwa wa kujikinga, lakini huu wa pili ulimwogopesha mtu mwema. Mkufunzi akakunja uso, akasema tumbo la mtu mzima si la kudharau, akaomba nimpigie. Nikapiga (nifanyeje, ananitazama), na simu ikalia mgongoni kwake ndani ya mkoba. Akautazama mkoba. Akasema, "Hata simu hakuchukua. Alitoka kwa haraka huyu." Akainuka akaenda kumwita mwalimu mkuu.

Sasa niwaambie habari ya choo chenyewe. Kilikuwa choo cha walimu wa kike, cha zamani, udongo wa kwetu wa kichanga, na sakafu ilikuwa na ufa ambao mwalimu mkuu alishauripoti mara kadhaa, na choo kipya kilikuwa kimefika usawa wa dirisha kikasimama. Mlango wake ulikuwa na komeo la mti kwa ndani, lenye tabia ya kujiangukia upepo ukiubamiza mlango. Walimu wa kike walijua kulinyanyua kwa kijiti, sisi wanaume hatukujua. Na siku hiyo mwalimu mwingine wa kike alikuwa Masasi kwenye semina. Kwa hiyo tukasimama wanaume watatu kwa mbali, kwa adabu, mwalimu mkuu akapiga hodi, kimya, akaita Mama Sada, Mama Sada, kimya, akaenda akasukuma mlango, umefungwa kwa ndani.

Nilimwona mwalimu mkuu anageuka rangi. Akasema neno moja tu, "Ufa."

Baada ya hapo mambo hayakuwa mikononi mwa mtu. Mpishi wa uji, aliyekuwa anasugua sufuria, alisikia akaanza kulia kwa sauti, mtu akaenda kwenye kengele yetu (ni rimu ya gari iliyotundikwa) akaipiga bila mpangilio, na kengele ya shule ikipigwa hivyo kijiji kinajua kuna msiba au moto. Watu wakaanza kumiminika kutoka mashambani, wengine na beseni zao, mzee mmoja na kamba ya kuvutia ndoo kisimani, mwingine na ngazi, fundi na nyundo. Mlango ukang'olewa. Ndani hamna mtu, ila pembeni mwa tundu sakafu ilikuwa imemeguka, kipande kizima hakipo. (Baadaye tukajua kilimeguka wiki ile ile na walimu wa kike walishaacha kutumia choo hicho, wanakwenda nyumba ya jirani. Walikuwa wameona aibu kumwambia mwalimu mkuu.) Yule mzee akachungulia kwa tochi ya simu, akasema chini kuna kitu kama kitenge.

Kilio kilichoanza hapo sijawahi kukisikia. Watoto wa darasa la nne walikuwa wamejipanga ukutani wanalia, Somoe analia huku bado kashika kipande chake cha muhogo. Na kulikuwa na mwanamke amekaa chini kabisa mchangani, kajitupia mavumbi kichwani, anaita wifi yangu, wifi yangu, nisamehe wifi yangu. Mimi nimesimama katikati yao. Nilikuwa najua ninachojua, nao hawajui, na kila dakika niliyonyamaza ilikuwa inazidi kunifanya nisiweze kusema.

Ndipo nikamwona Mkufunzi Nambunga. Amevua viatu, amevifunga pamoja kavitundika kwenye mti, tai kaiweka mfukoni, suruali kaikunja mpaka magotini, na yule mzee anamfunga kamba kiunoni. Mkufunzi wangu, mtu wa tai, anashuka chooni kumtafuta mtu ambaye wakati huo anaokota korosho. Mwalimu mkuu alikuwa anamsihi amwachie kijana ashuke, naye anajibu kwamba vijana wana miaka mbele yao.

Basi nikasema. Nilidhani nitapiga kelele, lakini ilitoka sauti ndogo, "Hayumo." Hakuna aliyegeuka. Nikasema tena kwa nguvu, "Mkufunzi, usishuke, hayumo humo," na hapo wakageuka wote, na mnajua walifanya nini? Wakanihurumia. Mpishi wa uji akanikumbatia, akaniambia najua mwanangu, inauma, mlezi wako ni kama mama yako, mwingine akasema kachanganyikiwa, mpeni maji akae kivulini. Nikasema jamani nasema kweli, kaenda shamba, wakazidi kunishika mabega. Kweli yangu ya kwanza siku ile ndiyo waliyokataa kuiamini.

Na Mama Sada? Mama Sada aliisikia kengele akiwa shambani, akajua shule inaungua, akajitwika beseni lake la korosho akakimbia. Alitokea nyuma ya umati, anahema, haoni kitu zaidi ya migongo, akamshika bega yule mwanamke aliyekaa mchangani akamuuliza msiba wa nani. Yule, bila kuinua uso, akajibu kwa kilio kwamba ni Mama Sada. Mama Sada naye akaweka mkono kichwani, akaanza, "Uwi, maskini Mama Sada," halafu akanyamaza. Akauliza taratibu, "Mama Sada yupi?"

"Yule mwalimu," mwanamke akasema, "wifi yangu," ndipo akainua uso.

Sitaweza kuusimulia ukelele ule. Watu walikimbia hata wasiojua wanakimbia nini, beseni likaanguka, korosho zikatapakaa uwanja mzima, yule mzee akaiachia kamba na Mkufunzi, aliyekuwa ameshaweka mguu mmoja ndani, akakaa kitako kwenye mbao za mlango uliong'olewa. Waliobaki pale mchangani ni wawili tu, Mama Sada na wifi yake, wanashikana nyuso kama wanaohakikisha.

Ofisini tulikuwa wanne. Mkufunzi kavaa viatu bila soksi, fomu iko mbele yake, haandiki. Nikayasema yote, saini, mbuzi, tumbo, nikasema na kwamba wazo la saini lilikuwa langu, si la Mama Sada. Mama Sada akadakia kwamba mkono uliotia saini ni wake na hana kisingizio. Mkufunzi akaniuliza kama najua kanuni ile iliwekwa kwa nini. Nikajibu kama kijitabu kinavyosema, kwamba ni kwa ajili ya malezi ya mwanachuo. Akatikisa kichwa.

"Ni ili mtu akiulizwa yuko wapi, tujue," akasema. "Nilikuwa nashuka mle, Festo."

Nililia, sioni haya kusema. Akakata alama zote za siku ile, akasema nitarudia mazoezi mwaka unaofuata, na mwalimu mkuu akamwandikia Mama Sada barua ya onyo. Lakini Mkufunzi akasema pia kwamba ataandika kwenye ripoti yake kuwa nilisema hayumo kabla hajaonekana, kwa sababu alinisikia, ingawa naye hakuniamini, na bila hilo angependekeza nifukuzwe chuo. Kisha akaniambia kabla sijafunga begi nirudi darasa la nne nikawaambie watoto mwenyewe.

Nje nilimkuta Mama Sada anaokota korosho zake, wifi yake anamsaidia. Nikapiga magoti kuomba radhi. Akaniambia nisimame, Mmakua mimi, nisimchafulie korosho. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye na wifi yake hawakusemezana tangu Ramadhani iliyopita, kwa neno dogo tu, na kwamba watu wengi hufa bila kujua nani atawalilia, yeye ameona kwa macho yake. Barua ya onyo ataipokea, anastahili. "Ila utani huu, Festo," akasema, "siku ukifa wewe nitaulipa."

Nikaingia darasani. Nikawaambia wazi: Mwalimu Mama Sada hakuwa chooni, nilijua hakuwa chooni, nilisema uongo, naombeni mnisamehe. Kwenye meza mihogo yangu yote ilikuwa imeliwa katika zile vurugu, isipokuwa kile kipande alichoshika Somoe. Nikauliza kama kuna mwenye swali.

Somoe akasimama. Macho bado mekundu. Akasema, "Mwalimu, na ile kwamba robo mbili ni nusu, ni kweli?"

Hakuwa ananikejeli, alikuwa anauliza kweli, na darasa zima lilikuwa linasubiri jibu. Nikatoka, nikaenda mbio nyumbani kwa mwalimu mkuu kuomba muhogo mmoja, nikarudi, nikampa Somoe muhogo na kisu, akakata mwenyewe, akakata tena, akaunganisha, akapima, nao wenzake wakaja mmoja mmoja kupima. Ilichukua kipindi kizima, na Mama Sada alikuwa kesharudi kwenye kiti chake cha nyuma. Kengele ilipolia, sio kabla, akatia saini, ingawa haikuwa na faida kwa alama zangu.

Mazoezi nilirudia, cheti nilipata, kimechelewa mwaka mmoja ambao mama yangu aliulizwa kila Jumapili kama mwanawe kashaanza kazi. Sasa nami huletewa wanachuo niwalee, na wote wananiona mzee mgumu, kwa sababu kalamu yangu haishiki daftari lao mpaka kengele imelia. Na nikitoka darasani, hata kama ni kufuata chaki, nawaambia watoto ninakokwenda, na huko ndiko ninakokwenda.